Ushuhuda na Daftari: Uamsho wa Karagwe na Swali la Kuisikia Sauti ya Mungu

Utangulizi

Katika semina moja ya kozi ya Fasihi Simulizi hapa Mlimani nilipendekeza kwamba ushuhuda wa watu waliookoka uhesabiwe kuwa utanzu wa fasihi simulizi. Darasa likacheka. Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu sana kwa usomaji wake, akasema ushuhuda ni mahubiri ya mtu aliyekosa mimbari, na kwamba tukianza kukusanya ushuhuda, kesho tutakusanya na makelele ya wapiga debe wa stendi. Mwalimu hakucheka, lakini aliuliza swali lililonikwamisha: "Huo ushuhuda wako unahusu nini hasa? Kuisikia sauti ya Mungu, au kuisimulia?" Kengele ya kuniokoa haikulia. Nikakaa. Makala haya ni jibu langu, lililochelewa kwa mihula miwili.

Mimi ni mtu wa Omurushaka, wilaya ya Karagwe. Kwa wasomaji ambao hawajafika huko, ni mji mdogo wa njia panda. Ukitoka Bukoba kwa njia ya Kyaka unafika hapo, na hapo barabara inagawanyika: moja inakwenda Kayanga, nyingine inakwenda Nkwenda na Kyerwa mpaka Murongo, mpakani na Uganda. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2012, kwa hiyo nikisema Karagwe humu, nina maana ya zote mbili. Upande wa machweo, ng'ambo ya mto Kagera, ni Rwanda. Tafadhali msomaji aikumbuke jiografia hii, maana ina kazi ya kufanya mbele.

Hoja yangu ni hii. Tumezoea kudhani kwamba kumsikiliza Mungu na kugeuzwa moyo ni jambo la ndani kabisa, la mtu na Muumba wake, na kwamba mwanahistoria hapo hana la kushika. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki inaipinga dhana hiyo. Kwa watu wa Uamsho sauti ya Mungu ilisikika katika kikao. Mtu alisikia, akasema mbele ya wenzake, nao wakampima. Na vipimo vyao vilikuwa vitu vya kushikika: deni lililolipwa, mtungi wa pombe uliovunjwa, mke aliyeombwa radhi. Ndani ya kikao hicho ukazaliwa utanzu, yaani ushuhuda. Na utanzu, kama sisi wa fasihi tunavyojua, una tabia ya kuota sugu. Hapo ndipo penye tatizo, na tatizo lenyewe nimeliona nyumbani kwetu kwa macho yangu.

Kutoka Namirembe hadi ng'ambo ya Kagera

Masimulizi mengi ya Uamsho huanzia Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala. Joe Church, daktari Mwingereza wa CMS aliyekuwa na kituo chake Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi. Njaa kubwa ya 1928 na 1929 ilikuwa imewapitia watu aliowatibu, na yeye mwenyewe alikuwa amekauka rohoni. Hapo akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakakaa pamoja siku mbili na Biblia, wakifuatilia mafundisho juu ya Roho Mtakatifu.

Naupenda mwanzo huu kwa sababu moja. Huyu Church alikuwa msomi wa Cambridge, tena mtu aliyekunywa mafundisho ya mkutano wa Keswick, ulioanza Uingereza mwaka 1875, ambao ulisisitiza maisha ya utakatifu. Kuamka alfajiri na kukaa kimya na Biblia halikuwa jambo geni kwake. Pamoja na hayo yote hakukipata alichokitafuta akiwa peke yake. Alihitaji mtu wa kuketi naye, na mtu mwenyewe akawa Mwafrika. Kwa mwaka 1929, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, jambo hilo halikuwa dogo hata kidogo.

Desemba 1933 ikawa zamu ya Gahini kwenyewe. Kulikuwa na siku za mafundisho ambazo, kwa maelezo ya waliokuwapo, zilikuwa baridi. Halafu katika maombi ya mwisho mtu mmoja akasimama, akaanza kutaja dhambi zake hadharani, akafuata mwingine, na mwingine, kwa zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyekuwa amepanga ratiba hiyo. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuwa akifundisha hapo Gahini, alifariki Januari 1936, na ujumbe aliouacha kwa Kanisa la Uganda ulikuwa neno moja la Kiganda: Zukuka, yaani amka. Watu wakaanza kuwaita wafuasi wa mambo haya Balokole, "waliookoka", jina lililotamkwa kwa kebehi kabla halijawa la heshima.

Kebehi hiyo ilikuwa na sababu. Mtu akiamini kwamba Mungu amesema naye, anakuwa mgumu kuongozwa. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, kikundi cha wanafunzi walizoea kukusanyika kabla ya mapambazuko kuomba, kisha wakawahubiria wenzao na walimu wao juu ya dhambi zilizomo chuoni humo humo. Wakaamriwa kuacha. Wakakataa, eti hawawezi kumtii mkuu wa chuo kuliko Mungu. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, William Nagenda akiwamo. Nikiisoma habari hii nikiwa mwanafunzi mwenye kadi ya kantini na mkopo wa serikali, huwa najiuliza ningesimama upande gani. Lakini la kuzingatia ni kwamba hata hawa waasi hawakuasi mmoja mmoja. Walikuwa kikao.

Sasa turudi kwetu. Misheni ya Bethel ya Wajerumani ilianza kazi Bukoba mwaka 1910. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi vya Uamsho kutoka Rwanda na Uganda vilifika mkoa huu, hasa katika chuo cha ualimu cha Katoke kilichokuwa cha CMS. Mara vita ikaja. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, na Waswidi wachache wakaletwa kushika nafasi zao, miongoni mwao Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942 na ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya kanisa la Bukoba. Wachache hao wasingeweza kuwa kila mahali. Kwa maneno mengine, Uamsho ulipokuwa ukipamba moto, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa mikononi mwa wainjilisti na walimu wenyeji, na hapakuwa na mzungu wa kutosha wa kuuliza, "Nani amekupa ruhusa ya kusema?"

Kingine kilichousaidia ni ile jiografia niliyoitaja. Watu wa Karagwe na Buhaya walikuwa na desturi ya kuvuka kwenda Buganda kutafuta kazi, na wa Rwanda walivuka kuja kwetu. Uamsho ulipita njia hizo hizo za vibarua, wafanyabiashara na wakwe. Ndiyo maana wimbo wake mkuu, Tukutendereza, umebaki katika Kiganda. Bibi yangu hajui Kiganda hata cha kuombea maji ya kunywa, lakini wimbo huo huuimba bila kukosea silabi. Ushuhuda wenyewe nyumbani ulitolewa kwa Kinyambo, na kwenye mikutano mikubwa kwa Kiswahili. Lugha tatu, kila moja na kazi yake: ya kwanza ya kushangilia, ya pili ya kutubu, ya tatu ya kuelewana na mgeni. Natamani wataalamu wetu wa isimujamii wangelitupia jicho jambo hili.

Mtu aliyeieleza siri ya kikao vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Josiah Kibira. Alikuwa mtoto wa Bukoba na mtu wa Uamsho, akawa askofu mwaka 1964, na mwaka 1977, mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia ulipofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa shirikisho lao, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Karagwe ilikuwa chini ya dayosisi yake hadi ilipopata dayosisi yake yenyewe mwaka 1979. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1974 aliuchunguza ukoo wa Kihaya na ushirika wa Kanisa kwa pamoja. Nikiusoma utafiti huo ninaiona picha hii: waliookoka walipata ukoo mpya. Na ukoo, kwetu, haukuachii siri. Ukoo unajua unachodaiwa.

Sitaki kuupaka Uamsho asali. Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012, ameonyesha jinsi majirani walivyochukizwa na watu hawa waliotangaza sokoni mambo ya chumbani, wakiwataja na wale walioshiriki nao. Mtu anatubu uzinzi wake, na mwanamke aliyetajwa hata hayupo kujitetea! Katika jamii ambayo wanawake waliorudi kutoka Nairobi na Kampala walikwisha kuwa gumzo la wanaume wa vyama na mabaraza, ushuhuda wa mwanamume mmoja uliweza kuwa hukumu ya mwanamke mwingine. Jambo hili linahitaji makala yake peke yake, tena iandikwe na msichana.

Fani ya ushuhuda

M. M. Mulokozi, katika makala yake maarufu ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ambayo kila mwanafunzi wa Idara hii amewahi kuikariri usiku wa kuamkia mtihani, anaweka kumbukumbu miongoni mwa masimulizi ya kihistoria. Ningeliuliza kwa unyenyekevu: kwa nini ushuhuda usikae hapo? Mulokozi huyo huyo, ambaye ni mtu wa Kagera, ndiye aliyetuonyesha kwamba tendi za enanga za Wahaya ni fasihi ya hali ya juu. Enanga tunayo kwenye rafu. Lakini enanga inamwimba shujaa, mtu wa mikuki na ikulu. Mkulima wa kawaida wa migomba na kahawa, asiye na ukuu wowote, alipata wapi mahali pa kusimama na kusema "mimi" kwa dakika ishirini huku watu wakimsikiliza? Shaaban Robert alichapisha Maisha Yangu mwaka 1949. Wakati huo huo, katika vyumba vya udongo vya magharibi mwa ziwa, wanaume na wanawake wengi wasiojua kalamu walikuwa wakisimulia maisha yao kila wiki.

Ushuhuda una muundo wake. Nimesikiliza mingi tangu nikiwa mgongoni, na karibu yote inakwenda hivi. Msimuliaji anaanza kwa kumsifu Yesu na kusalimu, wenzake wanajibu. Halafu inakuja sehemu ndefu ya "nilikuwa": nilikuwa mlevi, nilikuwa mtu wa waganga, nilikuwa nampiga mama watoto. Hapa ndipo ufundi unapoonekana, kuna vichekesho, kuna kuigiza sauti, na fundi hodari anaweza kukufanya uisikie harufu ya rubisi. Halafu linakuja tukio la kusikia. Halafu malipo: nilirudisha jembe la fulani, nilimwomba radhi fulani. Mwisho ni "na hadi sasa", kisha wimbo.

Mwanafunzi wa sarufi atafurahi kuona jinsi nyakati zinavyogawana kazi. Sehemu ya kwanza ni milki ya -li-, inakwenda polepole kama ng'ombe wa mzee. Sehemu ya pili inaingia -ka-, haraka haraka: akaniambia, nikatetemeka, nikaanguka. Mwishoni ni -me- peke yake: amenisamehe, amenitoa.

Lakini angalia urefu wa sehemu hizo. Dhambi zinapewa dakika kumi na tano. Malipo dakika tatu. Kuisikia sauti ya Mungu, ambako ndiko kiini cha habari yote, kunapewa sentensi moja, mbili zikizidi. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu wa fani. Sasa naona vinginevyo. Msimuliaji hana msamiati wa pale, na ni mwaminifu kiasi cha kutojitungia. Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliandika Maungamo yake kuelekea mwaka 400, na katika vitabu vyote kumi na vitatu tukio lenyewe la bustanini Milan ni fupi mno: anasikia sauti kama ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, anafungua kitabu, basi. Tena watu husahau kwamba rafiki yake Alypius alikuwa hapo hapo bustanini, na kwamba dakika ile ile alionyeshwa kilichosomwa. Hata pale hapakuwa na mtu peke yake.

Linganisha na Kezilahabi. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) mtafutaji anatembea katika ulimwengu uliovunjika vipande vipande, na anachokitafuta hakiwezi kusemwa kwa lugha ya kawaida. Nazipenda sana riwaya hizo. Ila mtafutaji wake hana jirani. Hakuna anayemdai hata debe la mtama. Mtu wa Uamsho wa Karagwe hakuweza kupata anasa hiyo.

Kikao cha nyumbani

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Babu yangu mzaa baba alikuwa ndugu wa Uamsho. Ushuhuda wake niliujua kama ninavyoijua njia ya kisimani: pombe, mganga wa ng'ambo, hasira, usiku aliolala njiani mvua ikinyesha, sauti iliyomwita kwa jina, mtungi alioupasua mbele ya mama yake. Alikuwa fundi. Hata sisi wajukuu tulioujua kwa moyo tulicheka pale pale pa kuchekwa.

Babu alikuwa pia mnunuzi wa butura. Wasiotoka Kagera hawalijui neno hili. Mkulima mwenye shida, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, anauza kahawa yake ikiwa bado maua mtini. Mwenye pesa anampa kiasi kidogo leo, na msimu ukifika anachukua mavuno yote. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, nayo inaendelea, kwa kuwa mtoto anayeumwa hasubiri msimu. Kwa watu wa butura wenyewe si wizi. Walikubaliana, na mbele ya shahidi.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Kikao kilikuwa sebuleni kwa babu, taa ya chemli mezani, sisi watoto tumejibanza kwenye mkeka karibu na mlango. Babu alimaliza ushuhuda wake, na mtu mmoja akawa ameshavuta pumzi ya kuanzisha Tukutendereza. Jirani yetu mmoja, mama mjane ambaye sisi watoto tulimwita bibi, akasimama. Hakupaza sauti.

"Ndugu," alisema, "habari za rubisi tumezisikia miaka mingi, na Bwana asifiwe. Mimi nauliza kahawa yangu. Misimu mitatu umeichukua ikiwa maua. Kwenye hiyo, Mungu hajasema nawe kitu?"

Hakuna aliyeimba. Nakumbuka mdudu akigonga kioo cha taa. Babu alitazama chini, akatazama mikono yake, na mzee mwingine akajaribu kusema kwamba mambo ya biashara yana mahali pake. Yule mama akamjibu kwa adabu kabisa: "Baba, si tulisema tunatembea nuruni? Au nuru inafika mpaka kwenye mtungi tu?" Akakaa. Kikao kikafungwa kwa sala fupi, watu wakaondoka bila kuagana vizuri.

Nimelifikiria tukio hilo kwa jicho la mhakiki. Utanzu ulikuwa umeota sugu. Orodha ya dhambi za ushuhuda ilikuwa imekwisha kupangwa na kizazi kilichotangulia: pombe, waganga, uzinzi, hasira, wizi wa jembe. Butura haikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo babu, akiwa mkweli kabisa, hakuisikia. Si kwamba aliificha. Masikio yake yalikuwa yamefundishwa na fani. Katika Uganda, miaka ya 1970, ndugu walioitwa Bazukufu, walioongozwa na Yona Mondo, walijitenga na wenzao wakisema Uamsho wenyewe umesinzia na unahitaji kuamshwa upya. Na mambo waliyoyakazania ni pamoja na madeni. Babu aliwafahamu na aliwaona wakali kupita kiasi. Pengine walikuwa wakali. Ila walikuwa wameliona jambo ambalo mjane wetu aliliona bila kujitenga na mtu, akiwa amesimama tu sebuleni.

Mwenzangu wa semina atasema: hiyo ilikuwa sauti ya mdai, siyo ya Mungu. Sawa. Lakini mtu wa Uamsho wa siku za Gahini asingeielewa tofauti hiyo. Kwa nini walikaa kikao, kama kila mmoja angeweza kujisikilizia kitandani kwake? Waliamini kwamba moyo una ujanja wa kujiambia unachokipenda, na kwamba mwenzako mara nyingi anasikia upande wa sikio lako lililoziba. Church alimhitaji Nsibambi. Babu alimhitaji mtu aliyemdai, na huyo hakumpenda siku hiyo.

Wiki tatu baadaye babu alitoka na baiskeli yenye gunia, jioni, akaenda kwa jirani. Msimu uliofuata akaenda tena. Butura akaiacha. Hakuna aliyetutangazia.

Daftari

Miaka mingi ikapita. Nilipopewa kazi ya uwandani ya kozi yetu, nilirudi Omurushaka na simu yangu nikamrekodi babu. Akautoa ushuhuda wote, dakika ishirini na mbili, kwa ufundi ule ule. Nikasubiri. Alipofika kwenye malipo akataja jembe, akataja radhi kwa mama yake, akasema "na hadi sasa". Kahawa haikuwamo.

Nikazima simu nikamuuliza. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesoma sana.

"Ile si ushuhuda," alisema. "Ile ni deni. Nililipa."

Hili ndilo jibu langu kwa swali la mwalimu. Ushuhuda ni kuisimulia sauti, na usimulizi wake unastahili kuchunguzwa kwa zana zetu zote. Ila badiliko kubwa kuliko yote nililoliona katika maisha ya babu lilibaki nje ya ushuhuda wake. Hakulisema, wala halikumpa sifa kwenye mkutano wowote. Mhakiki anayekusanya ushuhuda peke yake atapata mtungi uliovunjika. Gunia hatalipata.

Babu alifariki mwaka uliofuata. Msibani, kama ilivyo desturi, msemaji wa familia alisimama kabla ya maziko akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa wanafamilia. Nilimtafuta yule mama kwa macho. Alikuwa amekaa na akina mama wengine karibu na moshi wa jikoni, mikono mapajani, na hakusimama.

Baada ya matanga tulipopanga vitu vya babu nikakuta daftari la shule, la kurasa arobaini na nane, limeandikwa kwa penseli. Kurasa nyingi ni mahubiri, vifungu tu na neno moja moja. Ukurasa wa mwisho una jina la jirani na mistari mitatu: mwaka, idadi ya madebe, pesa aliyompa, na tofauti ya bei. Mistari miwili imewekwa alama ya vema. Wa tatu una mwaka na madebe sita, na baada ya hapo ni peupe.

Likizo iliyopita nilikwenda nalo kwake. Baba alikuwa ameniambia tungelipa kutokana na kahawa ya msimu huu, ila kwanza nihakikishe hesabu. Alinikaribisha uani, akaniletea kigoda, akauliza habari za masomo na kama huko Dar es Salaam tunapata ndizi. Nikamweleza kilichonileta. Hasomi, kwa hiyo nikamsomea mstari kwa mstari, mwaka, madebe, pesa. Kwenye mstari wa kwanza alitikisa kichwa kukubali. Wa pili pia. Wa tatu nilipousoma alikaa kimya kidogo, akihesabu na vidole kwenye goti.

"Siyo sita," alisema. "Yalikuwa saba. La saba alilichukua kwa mkono wake, nilikuwa nimelala na homa. Mwulize baba yako, ndiye aliyelibeba."

Nikatoa kalamu, nikasahihisha.